Zuhura yuko Roma

Zuhura: Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa wote. Nimefika Roma salama, alhamdulillah. Mji wa kutembea kwa miguu huu, njia za katikati ni vijiwe vyeusi vitupu.

Mama: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Umekula? Baridi je? Maji ya kunywa unapata?

Zuhura: Nimekula mama. Kuna manyunyu tu. Maji ni bure! Mitaani kuna mabomba ya chuma yanamwaga maji safi mchana kutwa. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kikombe.

Salma: Dada, Colosseum umefika? Tuma picha

Zuhura: Nimefika, nitatuma. Ule uwanja wa kale wa mapigano ulizinduliwa mwaka 80 baada ya Kristo, ni mkubwa mno. Ila roho haikutulia, nikikumbuka watu waliouawa mle huku wenzao wanashangilia. Kilichoniteka ni Pantheon, hekalu la kale la Warumi. Mjomba yupo?

Mjomba Hamisi: Nipo, sema.

Zuhura: Shikamoo mjomba. Hili jengo ni lako wewe fundi. Barazani nguzo za graniti kutoka Misri, kila moja jiwe moja zima, karibu mita 12. Ndani ni kuba la zege, upana mita 43, na halina nondo hata moja. Kileleni kuna tundu wazi. Leo mvua imeingia nikiwa nimesimama pale! Sakafu imeinuka katikati, ina vitundu, maji yakapotelea humo.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Mita 43 bila nondo?? La lini?

Zuhura: Enzi ya mfalme Hadrian wa Warumi, kama mwaka 126 baada ya Kristo.

Mjomba Hamisi: Subhanallah. Sisi slabu ya mita 4 tunasuka nondo na usingizi hatupati. Unene wake?

Zuhura: Kuba linapoanzia ni kama mita 6, kwenye tundu mita 1 na kidogo. Na kokoto walibadilisha. Chini mawe mazito, juu kabisa yale mepesi ya volkano, kama jiwe la bibi la kusugulia miguu.

Mjomba Hamisi: Ndiyo maana! Juu wamepunguza uzito, chini ukuta mnene unalibana kuba lisitanuke. Saruji waliipata wapi?

Zuhura: Chokaa na majivu ya volkano.

Mjomba Hamisi: Hapo sawa. Msikiti Mkuu wa Kilwa una makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa, nimesimama chini yake. Ni madogo kwa hilo, lakini mafundi wale wangeelewana.

Binamu Juma: Na ule mnara wa jiwe wa Ethiopia, waliouchukua Waitalia, bado uko huko?

Zuhura: Hapana. Waliuchukua kutoka mji wa Axum mwaka 1937, wakaurudisha 2005. Nimepita uwanja uliposimama, jirani na makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Nimefurahi sana kukuta haupo.

Mama: Mwenye chake kapata chake.

Mjomba Hamisi: Zuhura, kesho lizunguke hilo kuba kwa nje. Angalia kama ukutani kuna matao ya matofali, ya kupeleka uzito pembeni.

Zuhura: Yapo mjomba! Makubwa, yamejengewa humohumo ukutani. Nilikuwa najiuliza ni ya nini.

Mjomba Hamisi: Nipigie picha za karibu, matofali yaonekane. Jumatatu nawaonyesha vijana saiti.