MREJESHO: Yule fundi sola wa Mtwara aliyetaka kupanda cheo

Wakuu, habari za siku. Mwaka jana niliuliza humu: nimefunga sola miaka sita kwa posho ya siku, nifanyeje niwe msimamizi? Asanteni sana kwa michango.

Aliyesema niende VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) nikapimwe ujuzi wa mtaani, Mungu akubariki. Nilienda hapa hapa Mtwara, na cheti ninacho. Mikono haikunisumbua, hesabu ndizo zilinitoa jasho. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ni wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu unatumia nusu tu, 600. Mimi miaka yote nawapigia wateja hesabu ya 1,200! (Wazee wa Msanga Mkuu, mniwie radhi.)

Ila kilichonipa kazi ni ule ushauri wenu wa kutunza picha za kazi ninazofanya. Bosi alipekua simu yangu, akakuta viungio vya nyaya vilivyoota ukijani kwa chumvi ya bahari, kisha vile vile nimevisafisha na kuvipaka grisi. Cheti hakukigusa. Sasa nasimamia vijana wanne, tunafunga pampu za bustani upande wa Masasi.

Yaliyogoma: maombi manane kwa kampuni za Dar, kimya. Leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji) bado pia. Niliomba viambatanisho havijakamilika, uzembe wangu, narudia mwezi ujao.

Na wewe uliyesema niache kazi kwanza nisome, sikukusikiliza mkuu. Nina watoto watatu.

Mwenye swali kuhusu kupimwa ujuzi aulize, nipo.