Dijitali gani hii, siri zetu zimejaa saiba?

Jamani watu wa Mombasa, hivi ni mimi tu au nanyi mumechoka?

Kuna ofisi moja ya serikali hapa mjini, siitaji, wenyewe wanajijua. Wametwambia huduma sasa ni za mtandaoni, foleni zimekwisha. Haya. Unajaza fomu kwenye simu, unapakia picha ya kitambulisho mbele na nyuma, unalipa. Ukienda kuchukua kibali, wa dirishani anakuuliza: "Fotokopi iko wapi?" Fotokopi ya nini tena, na nishatuma? "Sistimu iko chini." Na hizo fotokopi wanazitupia ndani ya boksi kando ya mlango, halina hata kifuniko. Jina, nambari ya kitambulisho, sahihi, kila apitaye anasoma.

Fomu yenyewe inauliza kabila. Kabila la nini na mtu anataka kuuza viazi karai?

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Fomu ni Kiingereza kitupu, ukikawia kidogo inakutoa, uanze upya. Sasa mama yangu mdogo, muuza samaki Kongowea, ataiweza wapi? Anakwenda saiba, duka la intaneti, pale Mwembe Tayari. Kijana wa saiba anamfungulia akaunti kwa barua pepe yake yeye kijana, neno la siri analiandika kwenye daftari, na daftari lenyewe limejaa majina ya watu, nambari za simu, maneno ya siri, liko wazi juu ya meza. Kijana akihama, mama mdogo hana akaunti. Simlaumu kijana, anatafuta riziki. Namlaumu aliyejenga huduma ya wananchi asimkalishe hata mwananchi mmoja aijaribu.

Na msinambie sheria haipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inakataza mtu kudaiwa habari zake za binafsi pasipo haja. Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019: chukua kile unachohitaji tu, na data zikivuja kwa njia ya kuhatarisha watu, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kabila nalo sheria imelitia kwenye data nyeti. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vile vitambulisho vipya vya kidijitali, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari kwa data za watu. Serikali nzima ilisimamishwa, sembuse nyinyi na boksi lenu?

Malalamiko nayapeleka kwa Kamishna. Picha ya boksi ninayo ila siiweki hapa, nambari za watu zinasomeka. Nani ashawahi kulalamika huko akajibiwa? Na nyinyi wa sistimu wa ofisi hiyo, najua mumo humu, jibuni: hilo daftari la saiba mwalijua au hamlijui?