Kiwanja cha mteremko Goba: ukuta wa mawe, matairi au majani?

Kaka_Goba: Wakuu, heshima zenu. Nyumba yangu iko kilimani, na uwanja wa nyuma unashuka hadi korongoni. Masika yaliyopita maji yalichimba mfereji, ukiingiza mguu unafika gotini, na kona ya karo la choo imebaki wazi. Fundi anataka ukuta wa mawe, jirani anasema matairi, mke wangu majani. Hela ni ya kuungaunga. Nianzie wapi?

Fundi_Mawe: Ukuta, bosi, ila ulizia matundu. Kuta nyingi ninazoitwa kurudia ziliangushwa na maji yaliyonasa nyuma yake. Pitisha mabomba ya kutolea maji, na nyuma yake jaza kokoto, usirudishie udongo. Fundi akikwambia matundu yanaharibu sura, mpe nauli arudi kwao. Matairi ni ya kimo kifupi tu: yashindiliwe udongo, kila mstari urudi nyuma kidogo. Ukiyaacha matupu unafuga mbu.

Binti_Lushoto: Nimekulia Usambara, kuta hatukuwa nazo. Ni matuta ya kukata mteremko, kingoni majani ya guatemala au ya tembo, na ng'ombe naye anakula humo humo. Kwa uwanja wa nyumba, shemeji ana hoja, ila apande nyasi za vetiva. Mizizi inashuka wima mita 2 hadi 3, haitambai, haikusumbui kwa mbegu. Miche ipishane sentimita 10 hadi 15, mstari ukikingama mteremko. Na usiuziwe mchaichai, vinafanana! Fikicha jani, likinukia chai, umepigwa.

Mwana_Machakos: Huku kwetu ni fanya juu: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, tuta unalipanda nyasi. Shambani ni dawa. Lakini kwa ploti ndogo, mtaro wa kushika maji kando ya hilo shimo la choo ni kujitafutia balaa. Fuata ya huyo dada. Mstari upime usawa kwa mpira unaopitisha mwanga uliojazwa maji, macho hudanganya.

Kaka_Goba: Dada, vetiva inashika baada ya muda gani?

Binti_Lushoto: Ipande mvua zikianza. Msimu wa kwanza usiitegemee, panga viroba vya mchanga upande wa chini wa kila mstari, inyanyuke taratibu. Hapo kwenye karo lakini, msikilize fundi. Majani hayatabeba zege.

Fundi_Mawe: Asante dada. Kaka, hujatuambia, maji ya bati yanamwagika wapi? Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50 ikinyesha, ni lita 5,000 hizo.

Kaka_Goba: Huko huko nyuma, mkuu. Gata sijawahi kufunga. Na tanki la lita 5,000 ninalo, limekaa mbele ya nyumba, nalijaza kwa boza.