MREJESHO: Kijiti cha kiinimacho kinachokatika mkononi mwa mtoto

Assalaam alaykum. Niliuliza hapa ninunue au nitengeneze kijiti cha kuchekeshea watoto Sikukuu, kule Tibirinzi, Chake Chake. Nilitengeneza, na kimewavunja mbavu.

Waliosema nitumie bomba jembamba la plastiki wamenisaidia sana. Nimekata vipande, nikavipitisha mshipi wa kuvulia. Upande mmoja fundo, upande wa pili kitanzi cha kidole. Ukiuvuta mshipi, kijiti kinasimama wima. Ukilegeza unapompa mtoto, kinaning'inia kama mkufu. Kazi yote iko kwenye ncha za vipande. Zikatwe sawasawa na kupigwa msasa, la sivyo kijiti kinapinda hata ukikivuta, na watoto wa Pemba wana macho.

Yule aliyenionya nisimlaumu mtoto alinena. Kijiti kikikatika, mjinga ni mimi: nakirudisha mkononi, kinanyooka, nampa tena, kinakatika tena, mimi nakuna kichwa. Binti mmoja mwenye haya alianza kuninong'oneza jinsi ya kukishika! Hapo hata wazazi wakacheka.

Kuna na kile kipepeo cha kujipepea cha kukunja, ukikifungulia upande huu kizima, upande ule kinasambaratika, bado sijakijaribu. Kinataka mkono mwepesi kuliko wangu.

Bibi mmoja aliuliza kama huu si uchawi. Nikampa kijiti akione mshipi. Akakivuta, akakilegeza, akakivuta tena, na kukirudisha hataki.