Nataka kuweka milioni 3 kwenye hisa za kampuni ya simu, hatari zake ni zipi?

mwl_singida
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu huku Singida, nina kama milioni 3 nimezikusanya kidogo kidogo kwenye kikoba na alizeti, nilitaka niziweke kwenye hisa za Vodacom pale DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, maana nikiangalia kila mtu ana simu, kila mtu ananunua bando, kila kijiji kina wakala, nikaona hii biashara haiwezi kufa. Ila shemeji yangu kanishtua, anasema waliouziwa hisa 2017 kwa shilingi 850 walikaa miaka na bei iko chini ya hapo. Sasa naomba kueleweshwa, wateja wapo, hela inaingia kila dakika, kampuni ya simu inapataje hasara? Hii ni hela ya ada ya watoto wangu wawili sitaki kukurupuka. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_hisa
Mwalimu umefanya la maana kuuliza kabla ya kununua.

Anza na hiyo 2017 yenyewe. Sheria ya fedha ya 2016 ndiyo iliyozibana kampuni za simu ziuze asilimia 25 kwa wananchi, Voda ikatangulia, ikauza hisa milioni 560 ikakusanya bilioni 476, na hapo dirisha liliongezwa muda mpaka wageni nao wakaruhusiwa kununua. Yaani hata kuingia sokoni iliingia kwa sheria. Mimi miaka yote nafuatilia hizi kampuni na nakwambia hatari namba moja iko Dodoma serikalini, ushindani wa mitandao mingine unafuata baadaye sana.

Angalia mfululizo wake. Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kufungwa, na laini iliyofungwa hainunui vocha wala haitumi hela. Aprili 2021 vikaja vifurushi vipya, watu wakalalamika nchi nzima, serikali ikasitisha, kwa hiyo hata bei ya bidhaa yako huipangi peke yako. Julai 2021 ikaja tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, kutoka shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja. Kampuni ilishapata hasara mwaka ulioishia Machi 2021, kabla hata ya tozo, na ikarudia hasara mwaka ulioishia Machi 2022. Tozo ikapunguzwa asilimia 30 Septemba 2021, ikapunguzwa tena 2022, 2023 ile ya kutuma ikafutwa, na faida ikarudi. Unaona hapo? Menejimenti ni nzuri au mbaya, mstari mmoja kwenye bajeti ya Juni unabadilisha mwaka mzima.

Na kuna kingine watu hawakizungumzii, ile hela ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine simu ikivuka. 2018 ilikuwa shilingi 15.6 kwa dakika, TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, wakaishusha kila mwaka mpaka ikafika shilingi 2 mwaka 2022. Kwa mwananchi ni neema kabisa, ndio maana siku hizi unapiga mitandao yote kwa bando moja. Lakini kwa kampuni kubwa ambayo watu walikuwa wanabaki nayo kwa sababu ndugu zao wote wako huko, ule ukuta umeanguka.

fundi_wa_minara
Naongezea upande wa gharama maana nimepanda minara miaka 11. Mwalimu wewe unalipa bando kwa shilingi, ila redio za mnarani, betri, leseni za programu, vyote vinanunuliwa kwa dola. Masafa ya mawimbi ya simu pia, mnada wa TCRA wa 2022 ulikusanya zaidi ya dola milioni 180. Sasa shilingi ikishuka kama ilivyoshuka 2023 na 2024, kampuni inadaiwa zaidi bila kuongeza hata mteja mmoja na bei ya bando haiwezi kupanda kirahisi kama alivyoeleza mzee hapo juu.

Halafu minara mingi sio yao tena, Voda waliiuzia kampuni ya minara ya Helios Towers tangu 2013, sasa wanapanga. Huko vijijini umeme ukikatika ni jenereta, dizeli ikipanda na kodi ya mnara inafuata. Niliwahi kwenda saiti moja usiku nikakuta betri zote zimeibwa, kata nzima haina mtandao siku mbili, mawakala wamekaa tu wanatutazama.

Usisahau na nyaya za baharini, 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa shida nchi nzima. Fundi wa huku huna unachoweza kufanya mpaka meli ifike.

mama_floti
Mimi ni wakala, hisa sizijui ila wateja nawajua. Ile Julai ya tozo nilikuwa nakaa mpaka saa sita mchana sijatoa hata laki, watu walikuwa wanampa konda wa basi hela kwenye bahasha apeleke kijijini. Tozo ilipopungua sio wote walirudi, wengine walishazoea. Kingine ni matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii, kuna bibi alilizwa elfu 80 mbele ya kibanda changu kabla sijamzuia, tangu siku hiyo hataki kusikia hela ya kwenye simu. Mteja wa hivyo ukimpoteza umempoteza na wajukuu zake.

shaabani_mct
Mimi niko Muscat, zamani nilikuwa nanunua kadi za kupiga nyumbani kila wiki. Sasa hivi ni sauti za WhatsApp tu. Hela ya dakika inapungua, inabaki bando na M-Pesa, waangalieni hapo.

mwl_singida
Asanteni sana nimesoma mara mbili. Kwa hiyo mzee unanishauri niache kabisa?

mzee_wa_hisa
Hapana mwalimu, mimi mwenyewe ninazo na siziuzi. Nachokataa ni ada ya shule kwenda huko, maana mwaka wa hasara usitegemee gawio, na hisa zetu zinaweza kukaa wiki kadhaa hujapata mnunuzi kwa bei unayotaka, wakati shule inataka hela Januari. Toa ada ya mwaka mzima pembeni kwanza. Kinachobaki fungua akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa, kwa dalali, nunua kidogo, halafu subiri bajeti isomwe Juni, ukiona miamala haijaguswa ongeza.

mwl_singida
Ada natoa milioni 1 na laki 8. Hiyo iliyobaki jumatatu nampigia dalali.