Naomba ushauri: jiko la kuni la kupasha nyumba joto, Dagoretti

Mwana_wa_Likoni

Wadau, hamjambo? Nyumba yetu iko Dagoretti, Nairobi, upande unaopakana na Karen. Ni ya mawe, juu mabati, dari ya selotex (zile bodi laini za nyuzi za mbao), na sebule imeungana na mahali pa kulia. Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ya humu ndani haina huruma. Mamangu amehamia kwetu kutoka Likoni, kule Mombasa kwenye joto. Ni mzee, kifua chake si kizuri, na jioni hukaa na leso mbili juu ya sweta. Hita ya umeme inakula tokeni vibaya. Jiko la makaa nimelipiga marufuku kuingia ndani, ingawa yeye huliulizia kila siku.

Nafikiria jiko la chuma la kuni, lile la kufungwa lenye mlango wa kioo na bomba la moshi. Yanayotoka ng'ambo bei yake inakimbiza. Kuna fundi wa jua kali Kamukunji anayesema atanitengenezea, kisha bomba tulitoboze ukutani liende nje moja kwa moja, kwa sababu hataki kugusa paa. Je, ni sawa? Kuni zipi zinafaa? Na kwa mtu mwenye kifua kibovu, ni salama? Nyumba ni yetu, si ya kupanga.

Kachumbari

Dawa ni moja. Nyinyi ndio muhamie Likoni.

Fundi_Mapaa

Achana na Kachumbari. Ndugu, hapo watu wengi hulitazama jiko na kulisahau bomba, na bomba ndilo linalofanya kazi. Hewa moto hupanda, na ikipanda huvuta hewa mpya iingie kwenye moto. Bomba likilala kwenda ukutani, mvuto huo hufa na moshi unarudi sebuleni kwa mamako. Lipande wima kupitia paa. Ikibidi kukunja, isizidi nyuzi 45. Kutoka kwenye jiko hadi mdomo wa juu tafuta angalau mita 4.5, na mdomo huo upite kilele cha paa kwa sentimita 60 hivi. Ukiuacha chini ya kilele, upepo ukigonga paa utausukuma moshi chini.

Usikubali bomba la mabati ya kawaida. Zinki iliyopakwa juu yake ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu, na bati lenyewe ni jembamba, kutu italimaliza mapema. Ndani ya chumba tumia bomba la chuma kizito. Kuanzia darini kwenda juu weka la kuta mbili lenye pamba ya kuzuia joto katikati, la chuma cha pua. Hili la pili ni ghali, laweza kukugharimu kuliko jiko. Usilikwepe, maana pale darini ndipo nyumba huwakia. Bomba la ukuta mmoja hutakiwa kukaa sentimita 45 mbali na mbao, na selotex yako inashika moto upesi. Mbao za paa zikatwe na kuzungushiwa fremu. Asije mtu akalipenyeza bomba katikati yake na kusema limetosha.

Kuhusu jiko la Kamukunji: wale mafundi wanajua chuma, sina shaka nao. Muulize mambo matatu tu. Ndani atapanga matofali ya kuhimili moto? Mlango utakuwa na kamba ya kuziba, ile isiyoungua? Na hewa ya kuingia itafungwa na kufunguliwa kwa kilango? Mlango ukivuja huwezi kuutawala moto, kuni zitakwisha kwa saa moja na joto lote litapanda bombani.

Nesi_wa_Usiku

Kaka, hongera kwa kulikataza lile jiko la makaa. Kila Julai tunasikia familia iliyolala nalo chumbani na haikuamka. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unahisi usingizi, unadhani ni uchovu tu.

Sasa nikuulize: yale matundu ya hewa juu ya madirisha mmeyaziba kwa magazeti? Nyumba nyingi Nairobi huzibwa hivyo baridi ikianza. Ukiweka jiko la kuni, lazima hewa ipate pa kuingilia. Tena ukiwa na feni ya kutoa moshi jikoni, usiiwashe jiko likiwaka. Itashindana na bomba na kuvuta moshi uje ndani. Nunua kengele ya monoksidi. Ile ya moshi haiwezi kuigundua gesi hii, ni vifaa viwili tofauti.

Kwa kifua cha mama: jiko la kufungwa lenye bomba zuri ni afadhali sana kuliko moto wa wazi, lakini kila mkifungua mlango moshi kidogo hutoka. Asikae karibu wakati wa kuwasha na kuongeza kuni. Kama ana pumu au ugonjwa wa mapafu, zungumza na daktari wake kabla hujatoa pesa.

Shamba_la_Limuru

Kuni ndiyo habari yote. Zile za lori za kuuziwa barabarani mara nyingi ni mbichi. Mkaratusi mbichi utakulilia povu kwenye ncha, na moto wake hauna joto kwa kuwa unachemsha maji kwanza. Unyevu ule ukipanda na moshi baridi huganda ndani ya bomba ukawa lami nyeusi, na lami hiyo ikishika moto utasikia bomba likinguruma. Nunua kuni za mwakani leo. Pasua, panga juu ya mbao zisiguse udongo, funika juu tu, pembeni upepo upite. Huku kwetu kwenye ukungu mwaka mzima si mwingi. Kwenu Dagoretti huenda zikawahi.

Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili hakikosekani mjini. Pasua gogo, pima upande uliopasuliwa sasa hivi, usipime ganda. Isizidi asilimia 20. Mgrevilea hukauka upesi, mkaratusi hudumu motoni, saipresi nzuri ya kuwashia. Na tafadhali, vipande vya nguzo za umeme na za ua, zile za kijani kijani, usivichome kabisa. Vina dawa yenye aseniki, na sumu hiyo hubaki kwenye jivu. Jivu la kuni safi peleka kwenye sukuma wiki, ila liache kwanza ndani ya debe la chuma lenye kifuniko, nje ya nyumba. Kaa la moto hukaa hai siku kadhaa humo.

Binti_Njombe

Shikamoo ya mama. Mkuu, mimi niko Njombe, baridi tunaijua. Kabla ya jiko panda darini uone kuna nini. Kama juu ya selotex kuna mabati tu, joto lote utalitoa nje. Tandaza pamba ya kioo ya kuzuia joto, weka mapazia mazito, ziba chini ya milango. Hapo labda hita ndogo chumbani kwa mama itatosha.

Ukishaamua jiko, usinunue kubwa. Kwa nchi za baridi kali hukadiria kilowati 1 kwa kila mita 14 za ujazo. Sebule ya mita 5 kwa 6 yenye dari ya mita 2.7 ni kama kilowati 6, na Nairobi si Ulaya, hata 4 au 5 zinatosha. Jiko kubwa utalibana hewa lisiwachome, na kuni zinazofuka ndizo zinazojaza bomba lami anayoisema Shamba.

Mwana_wa_Likoni

Asanteni sana. Nimepanda darini: mabati na popo, hakuna kingine. Naanza na pamba. Matundu kweli tuliyaziba, leo nimeyazibua na mama hanisemeshi. Jiko nitaliagiza mwakani, kuni nazinunua sasa. Fundi amekubali paa, ila mama anauliza: juu ya jiko birika litakaa? Fundi anasema bomba litakuwa katikati.

Fundi_Mapaa

Mwambie bomba atolee nyuma, kwa kiungo cha T chenye kifuniko chini. Juu patakuwa bapa, birika litakaa, na kwenye kifuniko kile ndipo utakapotolea masizi ukisugua bomba. Sugua kila mwaka kabla ya Juni.