Kundi la Majirani wa Juu, Mwanga, Kigoma: hita ya Bibi Mwamvua

JUMAPILI

07:12 Bibi Mwamvua: 🎤 sauti 2:41

07:15 Sadiki: Shikamoo bibi. Niko kwenye daladala siwezi kusikiliza, kuna nini huko?

07:18 Zawadi: Mwakeye majirani. Mimi mjukuu, naandika kwa niaba yake. Dakika zote hizo ni hivi: hita ya bafuni inatoa maji baridi tangu mwezi uliopita. Akaja fundi mmoja, akasema koili, ile inayopasha maji, imeungua. Tukanunua koili 25,000, yeye akachukua 15,000 yake. Siku hiyo maji yakatoka vuguvugu, kesho yake baridi kama mwanzo. Sasa hivi hapokei simu.

07:19 Baba Ntare: Hapo mmeliwa.

07:20 Mama Neema: Pole sana bibi 😔

07:21 Sadiki: Ila bibi, Kigoma hii hita ya nini? Ziwa lile pale, maji nyuzi 26 na hakuna kununua umeme wa luku 😂

07:23 Bibi Mwamvua: 🎤 sauti 0:11

07:24 Zawadi: Anasema ukifika miaka 74 na magoti kama yake ndo umuulize hilo swali. Halafu anakukumbusha sufuria lake.

07:24 Sadiki: Nisamehe bibi. Sufuria naleta leo leo.

07:30 Baba Ntare: Mimi nasema mtupe hiyo, nunueni mpya. Zipo za kilowati tano na nusu, maji yanatoka yanachemka.

07:32 Mama Neema: Tano na nusu! Na luku nani atanunua?

07:35 Mwl. Hamisi: Si mbaya kihivyo mama. Dakika kumi za kuoga ni kama uniti 0.9.

07:36 Mama Neema: Mwalimu, kwangu kuna kijana wa kidato cha tatu. Dakika kumi ndo kwanza anatafuta sabuni.

07:51 Fundi Kashindi: Shikamoo bibi. Habari za asubuhi wote. Msinunue chochote kwanza. Zawadi, mwezi huo uliopita nini kilibadilika hapo nyumbani?

07:53 Zawadi: Marahaba anasema bibi. Hakuna kilichobadilika fundi. Labda tanki tu. Mjomba alituma hela kutoka Dodoma tukafunga simtanki la lita 1,000, maana maji ya bomba yalikuwa yanakatika.

07:54 Fundi Kashindi: Labda tanki tu 😀 Na siku ile maji yalipotoka vuguvugu, tanki lilikuwa limejaa au limepungua?

07:56 Zawadi: Limejaa. Maji yalitoka usiku kucha.

07:57 Fundi Kashindi: Basi koili yenu ya zamani mnaweza kukuta ni nzima. Naomba pima vitu viwili. Kutoka chini mpaka kitako cha tanki ni futi ngapi, na kutoka chini mpaka hita ni futi ngapi. Pima kwa kamba kama huna tepu.

08:20 Zawadi: Mnara wa tanki futi 8. Hita futi 7.

08:26 Fundi Kashindi: Umeona. Ndani ya hita kuna kimpira, maji yakikisukuma ndipo umeme unaingia kwenye koili. Maji yakiwa dhaifu kimpira hakiendi, umeme hauingii, unaoga baridi. Zamani mlikuwa mnapata maji ya bomba moja kwa moja, yana nguvu. Sasa yanashuka kutoka tankini, na tanki limepita hita kwa futi moja tu. Likijaa unaongeza futi nne za maji humo ndani, inakuwa tano, hita inajitahidi. Likishuka inakata.

08:27 Fundi Kashindi: Mita kumi za kimo ndo zinatoa presha ya baa moja. Nyie mna futi moja, hata mita haifiki. Lile karatasi lililokuja na hita mnalo?

08:34 Zawadi: Bibi alikuwa amefungia ufuta. Limeandikwa presha ya chini kabisa baa 0.1.

08:35 Fundi Kashindi: Hiyo ni mita moja kamili. Na hapo bado viwiko vya bomba havijala chake.

08:36 Baba Ntare: Kwa hiyo yule fundi alikula 40,000 bila hata kuangalia juu?

08:37 Fundi Kashindi: Mimi simsemi mtu. Ila ukiitwa kwenye hita, anza na maji, halafu umeme.

08:41 Ramla: Fundi samahani nidandie humu humu. Yangu inachemsha vizuri ila nikishika koki inanitekenya kidogo. Nimeshazoea, naoga na ndala. Ni kawaida eti?

08:42 Fundi Kashindi: Ramla usioge hapo leo.

08:42 Fundi Kashindi: Wala watoto. Nenda kwenye breka ya hita, ile ya kwenye boksi la umeme, uzime sasa hivi. Siyo swichi ya bafuni, breka.

08:43 Ramla: Mh fundi unanitisha

08:45 Fundi Kashindi: Acha nikutishe. Hizi hita za papo kwa papo nyingi koili iko wazi, maji yanaigusa. Kinachokuokoa ni waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaopeleka umeme ardhini. Ukitekenywa maana yake umeme umepata njia nyingine, na njia yenyewe ni wewe. Ndala zikilowa hazizuii kitu. Nikija naanza kwako.

08:46 Mama Neema: Jamani mimi nilidhani ndala ndo dawa

08:47 Sadiki: Nyumba nzima tunaoga na ndala 😳

08:48 Fundi Kashindi: Sadiki na wewe zima.

08:50 Ramla: Nimezima. Asante fundi. Mikono inatetemeka.

09:02 Bibi Mwamvua: 🎤 sauti 0:34

09:04 Zawadi: Bibi anamwambia Ramla aje kuoga kwake, maji ya kuchemsha yapo jikoni. Na anauliza yeye afanye nini, maana kunyanyua mnara ni hela.

09:10 Fundi Kashindi: Tuanze na cha bure. Fungueni kile kisahani chenye matundu ambacho maji yanatokea. Breka ikiwa imezimwa. Piga picha.

09:22 Zawadi: 📷 picha

09:23 Mama Neema: Eeh! Kama meno ya mzee wa ugoro.

09:24 Fundi Kashindi: Ukoko huo. Nusu ya matundu yameziba. Maji yenyewe ni dhaifu, halafu unayabana mlangoni. Loweka kwenye siki masaa mawili, kama hakuna siki kamua ndimu kwenye maji ya moto. Kisha piga mswaki wa zamani, usichokonoe kwa sindano, matundu yatapanuka. Na pale bomba linapoingia kwenye hita kuna kichujio kidogo, kitoe usafishe pia.

09:27 Mwl. Hamisi: Huo ukoko ndio ziwa letu hilo. Tanganyika ina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa mvuke, madini yanabaki. Ndiyo maana lina magnesi nyingi, na ukilipima pH inakaribia 9. Ukipasha moto, madini yanaganda. Angalieni ndani ya birika zenu.

09:28 Sadiki: Mwalimu leo Jumapili

09:29 Mwl. Hamisi: Elimu haina Jumapili.

09:31 Mama Neema: Birika langu kweli limeota chokaa. Je nikichanganya siki na ile Jik ya kufulia nguo nyeupe si itang'aa zaidi?

09:32 Mwl. Hamisi: Usithubutu! Hizo mbili zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu. Siki peke yake, halafu suuza.

09:33 Mama Neema: Sawa mwalimu. Ngoja nami niseme langu, mnisamehe bibi. Bili ya maji imekuja 48,000. Mimi huwa nalipa 15,000. Wale wanaosoma dira nahisi wamenibambikia.

09:36 Fundi Kashindi: Inawezekana. Lakini kabla hujaenda kugombana, funga koki zote ndani, kaa mbele ya dira uangalie kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, maji yanakwenda mahali.

09:49 Mama Neema: Kinazunguka. Taratibu ila kinazunguka 😩

09:50 Fundi Kashindi: Funga koki ya choo.

09:53 Mama Neema: Kimesimama!!

09:55 Fundi Kashindi: Mpira wa chini kwenye tanki la flashi umechakaa, maji yanapita kimya kimya usiku na mchana. Fungulia tena, tia unga wa juisi wenye rangi mle kwenye tanki, mtu yeyote asiflashi nusu saa. Ukiona rangi kwenye bakuli la choo, ni huo mpira. Hauna bei, unafunga mwenyewe.

10:40 Mama Neema: Nimetia ya zambarau. Nikasahau kumwambia Baba Neema. Ametoka chooni kimya, amevaa viatu, anataka kwenda hospitali 🤣🤣🤣

10:41 Baba Ntare: 🤣🤣 Mwambieni shemeji atulie

10:41 Ramla: Nimecheka mpaka hofu imeniisha

10:44 Fundi Kashindi: Basi umepata jibu lako.

10:58 Sadiki: Na sinki langu la jikoni linashusha maji kama linafikiria. Nimwage nini?

10:59 Fundi Kashindi: Mnakaanga na mawese?

10:59 Sadiki: Kila siku, migebuka hiyo

11:01 Fundi Kashindi: Yanaganda kwenye bomba. Weka ndoo chini, fungua kile kikombe cha bomba chini ya sinki kwa mkono, kitoe uchafu. Mabaki ya mafuta futa kwa karatasi kabla ya kuosha sufuria.

11:02 Zawadi: Sufuria la bibi?

11:02 Sadiki: 😶

16:37 Fundi Kashindi: Nimetoka kwa Ramla. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwenye hita, ila upande wa pili unaning'inia hewani darini. Sasa umefika ardhini. Kesho nipo kwa Sadiki.

17:20 Zawadi: Fundi, tumesafisha kisahani na kichujio, tumerudisha. Tanki liko nusu, na hita IMEWAKA. Taa nyekundu ile!

17:22 Fundi Kashindi: Safi. Likishuka zaidi itagoma tena, msishangae. Mwambie mjomba akipata hela tuongeze futi tano kwenye mnara, au tuache bomba la bafuni lichukue maji ya mamlaka yakiwepo na la tanki yakikatika. Hiyo ya pili ni tii moja, kile kiungo cha njia tatu, koki mbili na valvu mbili za kuzuia maji kurudi, nafuu zaidi.

17:23 Baba Ntare: Na ile koili mpya?

17:24 Fundi Kashindi: Ya zamani kama hawajaitupa niletee niipime. Ikiwa nzima wana ya akiba.

17:25 Zawadi: Haijatupwa. Bibi hatupi kitu. Iko pamoja na ufuta.

18:48 Bibi Mwamvua: 🎤 sauti 0:06

18:50 Zawadi: Yuko bafuni. Anasema yanachoma, mtu aje ampunguzie.